Uzi maalumu: Muziki wa kizazi kipya wa Laos, na kwa nini Kilao si Kithai kilichochakachuliwa

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kwenye ule mjadala wetu wa muziki wa Asia kuna mdau aliandika kwamba Laos haina muziki wake, kwamba wale ni Wathai wa ng'ambo ya mto wanaoimba Kithai kibovu. Iliniuma. Nikaahidi uzi, na ahadi ni deni. Ni mrefu kidogo, tafuteni pa kukaa.

Kwanza nieleze nimeingiaje huku. Nafanya biashara ya mawe ya vito, na mtu wa mawe Bangkok na Chanthaburi lazima azijue. Nimekaa Thailand kwa awamu, nikajifunza Kithai cha sokoni: bei, uzito, rangi, maneno ya kukataa bila kumuudhi mtu. Viza ikikaribia kuisha napanda basi la usiku hadi Nong Khai, mji wa mpakani, navuka mto Mekong kwa Daraja la Urafiki lililofunguliwa 1994, naingia Vientiane, mji mkuu wa Laos, kuomba nyingine. Wenzangu wa mawe mnaijua safari hiyo. Thailand magari yanapita kushoto kama kwetu, Laos yanapita kulia, kwa hiyo ukishavuka Mekong basi linahamia upande wa pili wa barabara na wewe unashika kiti.

Safari ya kwanza, jioni, nilikaa kwenye kibanda cha chakula kando ya mto. Ng'ambo unaziona taa za Thailand. Spika inapiga wimbo wa mapenzi, gitaa na ngoma za kompyuta, binti anaimba. Maneno nusu nayashika, nusu yananiponyoka. Kila kiitikio kikirudi nasikia "hak". Kwa Kithai kupenda ni "rak". Nikamuuliza mama aliyekuwa anachoma samaki: hii hak ndiyo rak? Akaweka koleo chini, akanijibu polepole kama anamfundisha mtoto kuhesabu: "Thai wa rak, Lao wa hak." Wathai husema rak, Walao husema hak.

Usiku ule, kwenye daftari langu la hesabu za mawe, nilianza kuandika maneno pande mbili, na mambo yakaanza kujipanga yenyewe. Joto kwa Kithai ni "ron", kwa Kilao "hon". Sisi ni "rao", huku ni "hao". Hoteli ni "rongraem", huku "honghaem". Yaani R ya Kithai, kwenye maneno mengi Mlao ameigeuza H. Na CH anaifanya S: tembo ni "chang" Bangkok na "sang" Vientiane. Ufalme wa kale wa Walao uliitwa Lan Xang, na hiyo Xang ndiyo tembo huyo huyo. Lan ni milioni katika lugha zote mbili. Tembo milioni moja.

Halafu kuna sauti moja iliyonifurahisha mimi kama Mswahili. Mbu kwa Kithai ni "yung", kwa Kilao ni "nyung". Kubwa ni "yai", kwa Kilao "nyai". Mtu wa Bangkok hana NY kwenye usemi wake, lakini sisi tuna nyumba, nyoka na nyanya. Neno "ngam", zuri, linaanza na sauti ya ng'ombe. Mzungu niliyekuwa naye kwenye nyumba ya wageni alihangaika nayo siku mbili. Mimi nililitamka mara moja, yule mama akapiga makofi.

Nikipumzika nitashusha sehemu ya muziki wenyewe. Maswali ruksa.

#2 Mchangiaji

Mkuu nimeweka kambi. Ila swali la kichokozi: kama tofauti ni R kuwa H na CH kuwa S, si ni lugha moja yenye lafudhi mbili? Kama Kiunguja na Kimvita tu.

#3 Mleta uzi

Swali zuri, na hapo ndipo watu wengi wanapotelezea.

Undugu upo na hakuna anayeukataa. Ni lugha za ukoo mmoja wa Kitai. Ukihesabu kutoka moja hadi kumi zinakaribiana kabisa. Ila fika ishirini: Mthai anasema "yi sip", Mlao anasema "sao". Na kadiri unavyoshuka kwenye maneno ya nyumbani, yale ya jikoni na ya moyoni, ndivyo yanavyoachana. "Si" ya kukanusha kwa Kithai ni "mai", kwa Kilao ni "bo". Kusema ni "phut" kwa Kithai, "vao" kwa Kilao. Kutazama ni "du", kwa Kilao "boeng". Chakula kitamu ni "aroi" Bangkok, na Vientiane ni "saep". Hilo saep Wathai wenyewe wamelipenda wakalichukua, wanalitumia kwa chakula chenye pilipili za nguvu.

Chukua samaki aliyevundikwa na chumvi, kitoweo ambacho Mlao hali bila hicho. Mthai anaita "pla ra", Mlao "padaek". Samaki mwenyewe ni "pla" kwa Kithai na "pa" kwa Kilao, kwa sababu Mlao hapendi konsonanti mbili zifuatane. Ndiyo maana mji tunaouona kwenye ramani kama Luang Prabang, wenyewe wanautamka Luang Phabang. Hakuna R pale.

Na angalia mtego huu. Kucheza kwa Kithai ni "len", kwa Kilao ni "lin". Lakini "lin" kwa Kithai ni ulimi.

Sasa la muhimu zaidi. Kilao hakiishii Laos. Laos yote ina watu milioni saba na kitu, na si wote ambao Kilao ndiyo lugha yao ya mama. Kuna Wahmong, Wakhmu na wengine wengi. Vuka mto uingie Isaan, kaskazini mashariki mwa Thailand, mikoa 20, watu zaidi ya milioni 20. Wengi wao nyumbani wanazungumza Kilao, ingawa shuleni na serikalini ni Kithai cha Bangkok. Wasemaji wa Kilao walioko Thailand ni wengi kuliko walioko Laos.

Walifikaje huko? Wengine walikuwepo, maana ufalme wa Walao ulikaa kingo zote mbili za Mekong. Mfalme Anouvong wa Vientiane alipoinuka dhidi ya Siam (jina la zamani la Thailand) mwaka 1827 akashindwa, mji ulichomwa na watu wakahamishwa kwa maelfu kuvushwa ng'ambo. Halafu 1893 Wafaransa wakaja na manowari zao, Siam ikaachia ukingo wa mashariki. Mto uliokuwa katikati ya watu wamoja ukawa mpaka. Kwa hiyo mtu akiniambia Kilao ni Kithai kibovu, namuuliza: kibovu kwa nani? Hawa watu wanasema lugha ya mama zao.

#4 Mchangiaji (Kigali)

Mimi naelewa kabisa. Kinyarwanda na Kirundi ndivyo zilivyo, tunasikilizana bila mkalimani, lakini Mrundi hawezi kukubali umwambie anasema Kinyarwanda. Sasa Mlao na Mthai wakikutana nani anamwelewa mwenzake?

#5 Mleta uzi

Ndugu yangu, hapo umegusa kidonda. Nyinyi mnasikilizana pande zote mbili. Kule si sawasawa.

Mlao anamwelewa Mthai karibu kila kitu, kwa sababu amekua na runinga ya Thailand. Antena ya Vientiane inashika mawimbi ya ng'ambo bila shida, na watoto wanakulia kwenye tamthilia na katuni za Kithai. Wengi wanasoma hata maandishi yake bila kufundishwa darasani. Mtu wa Isaan anamwelewa Mlao kwa kuwa ndiyo lugha ya bibi yake. Lakini mtu wa Bangkok aliyezaliwa Bangkok, ukimwekea Walao wawili wanaopiga soga kwa kasi yao, anaachwa njiani.

Maandishi nayo yana hadithi yake. Herufi zinafanana kama watoto wa baba mmoja, ila Wathai wana konsonanti 44 na Walao 27. Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Kithai kinatunza tahajia ya maneno ya Kipali na Kisanskriti, lugha za kale za India, hata pale ambapo sauti imeshapotea, kwa hiyo kina herufi nne zote zinazosomwa S. Walao wamebaki na mbili na wanaandika kama wanavyotamka. Sisi tulioandika Kiswahili tangu darasa la kwanza bila kuhangaika na tahajia tunajua raha yake.

Sasa muziki.

Mwaka 1975 wakomunisti wa Pathet Lao walishika nchi, tarehe 2 Desemba ikatangazwa Jamhuri. Muziki wa kimagharibi na wa kimapenzi wa Kithai ukahesabiwa uchafu wa mabepari. Waimbaji wengi walivuka mto, wakaishia Ufaransa na Marekani, wakaendelea kurekodi huko kwa ajili ya wakimbizi wenzao. Nchini zikabaki nyimbo za mapinduzi na ngoma za asili. Kuanzia 1986 serikali ilianza kulegeza uchumi, kwa jina la "Chintanakan Mai", fikra mpya, lakini muziki ulichelewa kufuata. Vijana wakawa wanakula kanda za Bangkok, kwa kampuni kama GMM Grammy iliyoanzishwa 1983 na yenye uwezo ambao Vientiane hawakuwa hata na robo yake.

Miaka ya 2000 ndipo mlango ulipofunguka. Bendi ya roki ya Cells ikatoka Vientiane ikapata mashabiki hadi Thailand. L.O.G. wakaleta hip hop ya Kilao. Akaja Alexandra Bounxouay, jina lake la Kilao Thidavanh, binti mwenye damu ya Laos na ya Bulgaria, akawa uso wa muziki wa vijana. Aluna Thavonsouk akafuata. Ukizisikiliza nyimbo za wakati ule unasikia gitaa la Bangkok, upangaji wa Bangkok, hata video zimepigwa kwa macho ya Bangkok. Lakini mdomoni ni "hak" na ni "bo". Kwa kijana wa Vientiane aliyezoea kwamba mapenzi yanaimbwa kwa lugha ya jirani, kusikia mapenzi kwa lugha anayogombezwa nayo na mama yake ni kitu kingine kabisa. Nilimwona dereva wa tuktuk, mtu mzima, anaimba wimbo wa miaka ile mwanzo mpaka mwisho akiwa kwenye taa nyekundu, taa ikawaka kijani na hakuondoka.

#6 Mchangiaji

Mkuu nakuheshimu, lakini umekiri mwenyewe: gitaa la Bangkok, video ya Bangkok. Basi ni kuiga. Neno moja kubadilika halifanyi muziki kuwa wa taifa.

#7 Mleta uzi

Sitakwepa. Zile za mwanzo kabisa, nyingi zilikuwa za kuiga, na baadhi sizisikilizi tena. Lakini usikae hapo, kwa sababu baadaye mto uligeuka.

Miaka ya 2010 kutoka Isaan waliibuka vijana wasio na kampuni kubwa, wakarekodi wenyewe, wakapandisha nyimbo YouTube, na wakaimba kwa lugha ya nyumbani bila kuisafisha kwa ajili ya Bangkok. Thailand nzima ikaimba nao. Mfano mmoja unatosha, na naomba tuutazame kwa karibu kwa kuwa ndani yake somo zima la lugha limo. Kong Huayrai, kijana wa Sakon Nakhon, ana wimbo uitwao "Sai Wa Si Bo Thim Kan". Maana yake ni kama: si ulisema hatutaachana?

Jina hilo kwa Kithai cha Bangkok lingekuwa "Nai wa ja mai thing kan". Weka moja juu ya jingine. "Sai" imekaa mahali pa "nai", wapi. "Wa", kusema, ile ile. "Si" ya wakati ujao imekaa mahali pa "ja". "Bo" mahali pa "mai". "Thim", kutupa, mahali pa "thing". "Kan", sisi kwa sisi, ile ile. Maneno sita, manne yamebadilika, na mpangilio haujatikisika hata kidogo. Undugu na tofauti vyote viwili viko kwenye jina la wimbo mmoja.

Kabla ya hapo muziki wa kisasa ulikuwa unatoka Bangkok kwenda Vientiane. Sasa watu wa Bangkok wakawa wanauliza "thim" maana yake nini. Na kijana wa Vientiane akagundua kwamba lugha yake inauzwa. Ukisikiliza nyimbo mpya za Laos utaona hawaogopi tena kuweka khaen juu ya ngoma za rap, na wanaimba kwa "ai" na "nong" zao. Kwa Kithai mkubwa wako ni "phi", awe mwanamume au mwanamke. Kilao kinatenganisha: kaka ni "ai", dada ni "euay", mdogo ni "nong". Kwenye wimbo wa mapenzi mwanamume ni ai na mpenzi wake ni nong. Mwimbaji akishasema ai, umeshajua yuko upande gani wa lugha kabla hajamaliza mstari.

Nadhani hapo ndipo muziki wa Laos unaposhika nguvu: pale unapoacha kuomba ruhusa kwa jirani na kuimba kama watu wanavyosema jikoni.

#8 Mchangiaji

Khaen ndiyo nini? Na nimesikia hizi lugha zina toni, neno moja maana tano. Sasa wanaimbaje? Si melodi inaharibu maana?

#9 Mleta uzi

Asante, nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Khaen ni chombo cha mianzi. Mabomba membamba yamepangwa safu mbili, kwa kawaida 16, yanapita kwenye kibuyu kidogo cha mti ambacho mpigaji anakikumbatia kwa viganja viwili. Kila bomba lina kiulimi chembamba cha madini. Unapuliza na unavuta pumzi, na sauti inatoka kote kuwili, kama kinanda cha mdomo, kwa hiyo haikatiki. Ukiisikia usiku toka mbali inakuwa kama watu watatu wanapiga. UNESCO waliiorodhesha mwaka 2017 kama urithi wa Laos.

Kwa khaen wanaimba "lam" upande wa kusini, na kaskazini wanaita "khap". Mwenye kipaji hicho ni "mo lam", fundi wa lam. Na hapa ndipo jibu la toni lilipo. Sisi tuna mkazo tu: "barabara" ya magari na "barabara" ya kusema sawasawa, unahamisha mkazo na maana inahama. Kilao kinafanya hivyo kwa kimo cha sauti, karibu kila silabi. "Ma" ni kuja, "ma" ni mbwa, "ma" ni farasi, kila moja na njia yake ya kupanda na kushuka. Fundi wa lam hapambani na hilo, analipanda kama farasi. Maneno ndiyo yanayomwambia melodi iende wapi. Beti tofauti, njia tofauti, kwa sababu toni zimebadilika.

Kwenye muziki wa kisasa melodi inatungwa kwanza mara nyingi, kwa hiyo mtunzi mzuri anatafuta maneno yasiyopingana nayo. Na toni za Vientiane haziendi kama za Bangkok, hata kwa neno lile lile. Ndiyo maana huwezi kuchukua wimbo wa Kithai, ukageuza rak kuwa hak, ukadhani umepata wimbo wa Kilao. Utasikika kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Hili ndilo jibu langu zito zaidi kwa mdau wa #6.

Na kuhusu nani anamwathiri nani, kuna jambo la zamani. Mwaka 1865 Mfalme Mongkut wa Siam alitoa amri ya kuzuia watu wake wasicheze wala kupiga khaen ya Walao. Alilalamika kwamba watu wameziacha ngoma za Kisiam, kila mahali ni khaen, na akaihusisha hata na upungufu wa mvua. Mdogo wake mwenyewe, Pinklao, aliyekuwa mfalme wa pili, alikuwa mpenzi mkubwa wa khaen. Fikirini: Bangkok, zaidi ya miaka 150 iliyopita, Walao wengi wamefika huko wakiwa mateka wa vita, na muziki wao umeuteka mji hadi ikulu.

#10 Mchangiaji

Nondo tupu. Mimi nataka kuanza kusikiliza leo leo. Nikiandika "Lao music" zinakuja nyimbo za Kithai zimechanganyika. Nitafanyaje, na nitajuaje hii ni Kilao?

#11 Mleta uzi

Tega sikio kwenye kukanusha. Wimbo wa mapenzi hauwezi kufika dakika ya pili bila mtu kukataa kitu. Ukisikia "mai", uko Bangkok. Ukisikia "bo", mara nyingi uko kwa Walao, iwe Laos au Isaan. Kutenganisha Laos na Isaan ni kazi zaidi. Tazama maandishi kwenye video: wa Isaan wanaandika kwa herufi za Kithai, wa Laos kwa herufi zao zenye mviringo zaidi.

Kutafuta, usiandike kwa herufi zetu. Nakili hii uibandike: ເພງລາວ. Inasomwa "pheng Lao", nyimbo za Kilao. Kwa Kithai maneno hayo hayo ni เพลงลาว, "phleng Lao". Yatazameni yote mawili kwa makini, hata kama hujui herufi hata moja. Neno la pili, Lao, linaanza na ล kwa Kithai na ລ kwa Kilao, hiyo ndiyo L. Sasa rudi kwenye neno la kwanza. Kithai kina hiyo ล katikati, ya tatu kutoka kushoto. Kilao hakina, Mlao ameiacha kama alivyoiacha kwenye samaki.